Kilomita 10, nusu marathoni au marathoni kamili: uchague zipi baada ya matibabu ya saratani

Usajili wa mbio hufunguliwa miezi mingi kabla ya siku yenyewe, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Mtu aliyemaliza tibakemikali au mionzi anatakiwa achague leo umbali atakaoukimbia kwa mwili ambao bado hajauzoea. Nywele zinaota, ladha ya chakula imerudi, na moyoni anatamani jambo kubwa la kumthibitishia kwamba bado yupo. Hamu hiyo ni halali kabisa. Ila haifai kuwa kipimo cha kuchagulia umbali, na idadi ya miezi tangu dozi ya mwisho nayo haitoshi ikiwa peke yake.

Kipimo tunachokiamini ni wiki ngumu kuliko zote katika mazoezi ya mbio hizo. Siku ya mbio ni moja, na watu wa huduma ya kwanza wamejipanga njiani. Wiki ngumu za mazoezi ni nyingi, unazipitia peke yako, huku kuna kazi, watoto, vidonge vya kila siku na miadi ya kliniki. Ukiweza kuimaliza wiki hiyo na kuamka siku ya pili ukiwa na nguvu zako za kawaida, umbali huo ni wako. Usipoweza, shuka ngazi moja.

| | Kilomita 10 | Nusu marathoni (km 21.1) | Marathoni (km 42.195) |
|---|---|---|---|
| Maandalizi | wiki 10–14 | wiki 16–20 | wiki 20–24, baada ya kumaliza nusu marathoni |
| Wiki ngumu zaidi | km 20–25 | km 32–40 | km 50–60 |
| Zoezi refu kuliko yote | km 8–9 | km 17–19 | km 29–32 |
| Muda njiani siku ya mbio | dakika 70–95 | saa mbili na nusu hadi tatu na robo | saa tano hadi sita na nusu |
| Mwili kurudi sawa | siku 4–7 | siku 10–14 | wiki 3–4 |

Hesabu hizi ni za mtu anayekwenda polepole, akichanganya kukimbia na kutembea, ambaye alipoanza aliweza kutembea haraka dakika 30 bila kupumzika. Kama bado hujafika hapo, anzia hapo. Wiki za jedwali zihesabiwe baadaye.

Kwanza, dawa gani zilipita mwilini

Watu wawili waliomaliza matibabu wiki moja wanaweza kupata majibu tofauti kabisa kwa swali hili. Kabla ya kulinganisha umbali, omba hospitalini muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi: majina ya dawa, jumla ya dozi, sehemu zilizopigwa mionzi, na tezi za limfu zilizotolewa. Karatasi hiyo ina uzito kuliko ratiba yoyote ya mazoezi.

*Moyo.* Doxorubicin na epirubicin, zile dripu nyekundu, zinaweza kudhoofisha msuli wa moyo, na madhara yake hujumlishwa dozi juu ya dozi. Kwa doxorubicin, jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili humweka mtu kwenye kundi la hatari kubwa. Mionzi iliyopita karibu na moyo huongeza hatari hata kama dozi ya dawa ilikuwa ndogo. Trastuzumab nayo inaweza kushusha nguvu ya moyo, ingawa mara nyingi nguvu hiyo hurudi dawa ikisimamishwa. Kipimo cha kawaida ni echo, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inayoonyesha asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chumba cha kushoto kwa kila pigo. Ikiwa chini ya 50, usijisajili popote mpaka daktari wa moyo atoe neno. Lakini hata majibu mazuri ya echo hayamalizi suala, kwa sababu yamechukuliwa ukiwa umelala. Moyo unaweza kuonekana mzima wakati wa kupumzika na ukakwama pale unapodaiwa kazi mara mbili au tatu zaidi. Kwa anayetaka marathoni, na kwa yeyote aliyepata dozi kubwa, tunashauri aombe pia kipimo cha moyo kinachofanywa mtu akitembea na kukimbia juu ya mashine.

*Mapafu.* Bleomycin inaweza kuyaacha mapafu na makovu. Mionzi ya kifua inaweza kuyafanya yavimbe kwa ndani kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kumaliza, na dalili zake ni kikohozi kikavu, pumzi fupi, pengine homa ndogo. Hali hii hudanganya, maana mtu hudhani anahema tu kwa kukosa mazoezi. Angalia mwelekeo. Anayekosa mazoezi huwa nafuu kila wiki. Mwenye tatizo la mapafu, kilima kile kile alichokipanda wiki mbili zilizopita leo kinamsimamisha katikati. Ukiona hivyo, acha mazoezi na urudi hospitalini.

*Miguu isiyohisi.* Paclitaxel, docetaxel, vincristine, cisplatin na oxaliplatin huweza kuacha ganzi kwenye vidole na nyayo. Kwa cisplatin na oxaliplatin ganzi inaweza kuendelea kukua kwa miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo anayejisajili mapema akidhani imeishia hapo anaweza kujikuta na miguu mibaya zaidi katikati ya mazoezi. Jipime hivi: simama peku karibu na ukuta, inua mguu mmoja, hesabu. Ukishindwa kufika sekunde 10 kwa mguu wowote, barabara yenye mashimo na wakimbiaji waliobanana bado haikufai. Fanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kila siku, dakika chache kila upande, ujipime tena baada ya wiki sita.

Ganzi hii ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko kitu chochote jinsi umbali unavyobadilisha ukubwa wa tatizo. Chukua kokoto moja, ndogo kuliko punje ya mahindi, iliyoingia kiatuni kilomita ya tatu. Mwenye hisia husimama, akavua, akakung'uta. Asiyehisi huendelea. Kwenye kilomita 10 atavua soksi akute wekundu, au lengelenge. Kwenye marathoni kokoto hiyo hiyo imesaga mahali pamoja kwa saa tano, na anachokikuta ni kidonda kibichi. Akiwa bado ana kinga hafifu, kidonda hicho ni safari ya hospitali. Kwa hiyo papasa ndani ya kiatu kwa mkono kila unapokivaa. Mkono wako ukiwa na ganzi pia, kigeuze ukikung'ute, kisha umulike ndani kwa taa ya simu. Chagua soksi zisizo na mshono juu ya vidole, na kiatu kinachoacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Katika zoezi lolote linalozidi kilomita 10, simama, vua, tazama kwa macho. Ukirudi nyumbani weka kioo kidogo sakafuni ukague nyayo. Docetaxel na paclitaxel pia hulegeza kucha. Zikate fupi, na iliyoinuka ifunikwe kwa plasta kabla ya kutoka.

*Mifupa.* Kila unapotua ukikimbia, mguu hubeba takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kama saratani imefika kwenye mfupa, hasa uti wa mgongo, nyonga au paja, usikimbie hatua moja mpaka daktari wako wa saratani na wa mifupa wameangalia picha pamoja. Hili halina mjadala. Kwa wengine, adui ni mifupa kupungua ujazo kwa sababu ya vidonge vya kuzuia estrojeni (homoni ya kike) kama letrozole na anastrozole, sindano za kushusha homoni ya kiume, na steroidi zilizotumika kwa muda mrefu. Pima ujazo wa mifupa. Kipimo cha T (alama inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) kikiwa −2.5 au chini yake, kilomita 10 za kutembea haraka ni chaguo bora kuliko nusu marathoni ya kukimbia. Mfupa unaoanza kupasuka huuma mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, maumivu huzidi kila unapotua, na baadaye huuma hata ukiwa umelala. Msuli uliochoka huuma eneo pana na hupungua ukipasha mwili moto. Vidonge hivyo vya kuzuia estrojeni huleta pia ugumu wa viungo asubuhi. Huo mara nyingi hulainika ndani ya dakika 10 au 15 za kutembea, na si sababu ya kukaa kitako.

*Damu.* Himoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, fanya matembezi mepesi tu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini ya 50,000 kwa kila mikrolita, epuka mazoezi yenye hatari ya kuanguka. Hayo huonekana kwenye picha kamili ya damu, kipimo cha dakika chache, na hakuna sababu ya kuanza bila kukifanya.

*Limfu.* Waliotolewa tezi za kwapani au kinenani wana hofu kwamba kukimbia kutafanya mkono au mguu ujae maji na kuvimba. Mazoezi yanayopanda taratibu hayajaonekana kuleta uvimbe huo, na mara nyingi husaidia. Kinachosumbua ni kuruka ghafla kutoka kidogo kwenda kingi, joto kali, na mkono kuning'inia saa nyingi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa mkono juu kidogo ya kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake, mikono yote miwili, kabla ya zoezi refu na kesho yake asubuhi. Ongezeko la sentimita 2 kwenye upande uliotibiwa ni sababu ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya zoezi refu linalofuata. Soksi ya kubana inayovaliwa mkononi ipimwe na mtaalamu. Inayobana vibaya hukusanya maji kiganjani. Njiani, kila kilomita moja inua mikono juu ya kichwa, fumba na kufumbua ngumi mara 20.

*Tumbo na figo.* Aliyepasuliwa tumbo asubiri takriban wiki 12 na ruhusa ya daktari wa upasuaji kabla ya kukimbia, kwa ajili ya ngiri. Mwenye mfuko wa choo unaotoka kwenye utumbo mdogo hupoteza maji na chumvi haraka kuliko wengine. Kwake tofauti ya nusu marathoni na marathoni ni kubwa kuliko kilomita zinavyoonyesha, na maji matupu hayatoshi, anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo vya hospitali. Mionzi ya nyonga huacha haja ya ghafla, kwa hiyo soma ramani ya vyoo kabla hujasoma ramani ya vilima. Na aliyepata cisplatin asimeze ibuprofen wala diclofenac kwa ajili ya mbio: figo zilizoguswa na dawa ile, zikikaushwa maji na jua, kisha zikaongezewa vidonge hivyo, zinaweza kugoma.

Uchovu usioisha kwa kulala

Uchovu wa saratani haufanani na uchovu wa kazi. Unaweza kulala saa tisa ukaamka umechoka vile vile. Mazoezi ya kiasi ni miongoni mwa tiba zake zinazoaminika zaidi: kiwango kinachopendekezwa ni takriban dakika 30 za mwendo wa kuhemesha kidogo, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili. Kumbuka hiyo ni dozi ndogo kuliko wiki ngumu ya hata kilomita 10. Yaani mazoezi yanayoponya uchovu na mazoezi ya mbio ndefu hukutana mahali fulani, halafu huachana. Wajibu wako ni kupajua mahali hapo kwa mwili wako.

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, andika vitu viwili: mapigo ya moyo kwa dakika, na uchovu wako kutoka 0 hadi 10. Baada ya wiki mbili utajua kawaida yako. Uchovu ukipanda alama 2 kwa siku mbili mfululizo, au mapigo yakizidi kawaida kwa 8 au 10, zoezi la siku hiyo liwe matembezi ya dakika 20. Usilifidie kesho. Wengi huharibu wiki nzima kwa kufidia.

Kilomita 10: fupi, lakini usiziendee mbio

Kwa mtu aliyemaliza matibabu ndani ya mwaka mmoja, anayeendelea na vidonge vya homoni, au mwenye ganzi ya miguu, huu ndio umbali tungeanza nao. Mazoezi matatu kwa wiki yanatosha, zoezi refu ni saa moja na robo hivi, na wiki mbaya ikikupita hujapoteza msimu.

Kuna mtego mmoja. Kwa kuwa ni fupi, watu huzikimbia kwa nguvu zote. Moyo hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila dakika katika kilomita 10 za kushindana kuliko katika nusu marathoni ya polepole, kwa hiyo mtu mwenye wasiwasi wa moyo anayesema "nitachukua ndogo" kisha akawafuata walio mbele yake amechagua jambo zito zaidi bila kujua. Kasi iwe ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Usiitegemee saa ya mkononi inayokokotoa mapigo ya juu kwa kutoa umri kwenye 220: baada ya matibabu mapigo ya kupumzika mara nyingi huwa juu kuliko zamani, na dawa za presha za kundi la beta huyashusha. Kwa vyovyote, hesabu ile haikuhusu.

Angalia pia muda wa mwisho wa kufunga njia. Baadhi ya mbio za kilomita 10 hufungwa baada ya dakika 90, na kwa anayechanganya kutembea hiyo ni kufukuzwa na gari la nyuma. Tafuta zenye saa mbili.

Nusu marathoni: hapa ndipo wengi hupata kinachowafaa

Ukituuliza umbali mmoja kwa mtu aliyemaliza matibabu zaidi ya miezi tisa au kumi iliyopita, echo yake nzuri, damu yake imerudi, na tayari anakwenda kilomita 10 bila kulipia kesho yake, jibu letu ni hili. Umbali ni mrefu kiasi cha kukulazimisha uende polepole, na polepole ndiyo salama. Maandalizi ya miezi minne au mitano yanaingia kati ya miadi miwili ya ufuatiliaji bila kugongana nayo sana. Na ukimaliza, misuli inarudi ndani ya wiki mbili, hivyo hujauza afya ya mwezi mzima kwa asubuhi moja.

Kinachoharibika huharibika mahali panapojulikana: kati ya kilomita 12 na 16 za zoezi refu. Mtu ametoka kwenye 10 salama, anaona mambo yanakwenda, anaruka hadi 15. Ongeza zoezi refu kwa kilomita moja au moja na nusu, na kila wiki ya tatu lirudishe chini kwa theluthi moja. Kwa ratiba hii kutoka 9 hadi 18 huchukua wiki 12 hivi. Inachosha kuingoja, tunajua, lakini mifupa na kano hujijenga polepole kuliko pumzi, na baada ya steroidi au homoni hujijenga polepole zaidi.

Changanya kukimbia na kutembea tangu dakika ya kwanza, siyo ukishachoka. Dakika 2 za kukimbia kwa 1 ya kutembea ni mwanzo mzuri. Wengine huishia dakika 4 kwa 1. Faida zake kwa aliyetibiwa saratani ni tatu: joto la mwili hushuka kidogo kila mzunguko (muhimu kwa wenye mawimbi ya joto ya homoni), mguu hupumzika kutua kwa kishindo, na kila dakika ya kutembea ni nafasi ya kuhisi kama kuna kitu hakiko sawa. Tofauti ya muda na anayekimbia mfululizo kwa kulazimisha huwa ndogo, mara nyingine haipo kabisa.

Kunywa kwa kiu. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu: ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi, na maji mengi hushusha chumvi ya damu hadi kuhatarisha maisha. Zoezi likizidi dakika 75 au 90, kula wanga gramu 30 kwa saa ili kuanza, na ujaribu mazoezini kila utakachokula siku ya mbio. Utumbo uliopitia tibakemikali au mionzi huchagua, na hauchagui kama zamani.

Marathoni: lini jibu ni ndiyo

Jibu linaweza kuwa ndiyo. Wapo wengi wanaoimaliza salama. Lakini sisi tungeiweka kuwa mbio za pili au za tatu, na tungetaka mambo haya yote yawepo kwa pamoja: angalau miezi 12 tangu mwisho wa tibakemikali, mionzi au upasuaji mkubwa, nusu marathoni iliyomalizwa bila kuwekwa kitandani, moyo uliopimwa ukifanya kazi, ujazo wa mifupa unaojulikana, na ganzi isiyoongezeka kwa miezi mitatu iliyopita. Likikosekana moja, chukua nusu marathoni nyingine.

Ugumu wake haumo katika kilomita 42 pekee. Umo katika wiki ya 12 hadi ya 19 ya maandalizi, wakati mazoezi marefu ya saa tatu na nne yanapofuatana. Usingizi hupungua, mafua hayaishi, hamu ya kula hupotea, uzito hushuka. Kwa aliyekuwa mgonjwa wa saratani kila moja ya dalili hizo ina kivuli chake: uzito unaoshuka, ni mazoezi au ugonjwa umerudi? Hofu hiyo ni sehemu ya gharama ya marathoni, na hakuna ratiba inayoiandika. Wiki ngumu za kilomita 10 hazizalishi maswali hayo.

Fred Lebow, aliyeanzisha marathoni ya New York, aligundulika na saratani ya ubongo mwaka 1990. Mwaka 1992 aliikimbia marathoni hiyo pamoja na Grete Waitz, aliyekuwa ameishinda mara tisa, wakamaliza wote wawili kwa zaidi kidogo ya saa tano na nusu. Mfano wake hutajwa sana kama sababu ya kujisajili. Utazame wote: Lebow alikuwa na marathoni nyingi miguuni kabla hajaugua, alingoja hali yake itulie, na bingwa aliye ubavuni pake alikubali kwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuiga.

Chaguo la nne: si mwaka huu

Baadhi ya watu tungewaambia wasubiri, na tungewaambia hivyo kwa upendo: aliye ndani ya miezi mitatu tangu dozi ya mwisho, mwenye mrija wa dawa ulioingizwa kwenye mshipa wa mkono, mwenye damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu ambaye dawa hazijatulia, mwenye jeraha la upasuaji au mionzi ambalo halijafunga, na anayesubiri majibu ya picha ambayo yanaweza kubadilisha matibabu. Kusubiri huku kuwe na kazi. Wiki 12 za kutembea mara nne kwa wiki, mazoezi ya nguvu mara mbili (kuinuka kitini bila mikono mara 10, seti tatu, kusimama kwa vidole vya miguu, kusukuma ukuta), halafu kilomita 5 za kirafiki. Kwa wanaotumia sindano za kushusha homoni ya kiume, mazoezi ya nguvu yana umuhimu kuliko kilomita, kwa kuwa msuli ndio unaopotea kwanza. Mbio zikiruhusu kuhamisha usajili hadi mwaka unaofuata, lipia nafasi hiyo hata kama ni ghali kidogo. Inakuondolea shinikizo la kukimbia ukiwa mgonjwa.

Kalenda ya vipimo iende kwanza

Wengi hupanga mbio, kisha wanakumbuka vipimo. Geuza. Zoezi kali hupandisha vimeng'enya vya misuli kwenye damu, na baadhi yake ni vile vile vinavyosomwa kama vya ini. Baada ya marathoni vinaweza kubaki juu kwa wiki nzima au zaidi. Daktari asiyejua umekimbia ataona ini linalolalamika, na wewe utapitisha siku kumi za hofu bure. Weka damu kabla ya mbio au wiki mbili baada yake, na umwambie anayekupima. Kwa picha ya PET, ile ya kutafuta saratani kwa kudungwa sukari yenye mionzi, usifanye zoezi lolote zito kwa saa 24 kabla, maana misuli iliyotoka kazini hunyonya sukari ile ya kipimo na picha huchafuka.

Kati ya mbio mbili zenye umbali sawa, chagua zinazozunguka na kurudi pale pale kuliko zinazokwenda moja kwa moja: katika mzunguko, kuacha ni kutembea mita mia chache hadi kwenye begi lako. Chagua za msimu wa baridi na zinazoanza alfajiri. Kama bado una kifaa cha kudungia dawa chini ya ngozi ya kifua, jaribu mkanda wa mkoba wa maji kwa wiki kadhaa. Ukisugua juu ya kifaa, beba chupa mkononi au kiunoni.

Siku yenyewe, acha mara moja kwa maumivu ya kifua, moyo kwenda bila mpangilio, kizunguzungu, ndama mmoja wa mguu kuvimba na kuuma, au maumivu mapya ya mgongo yenye udhaifu wa miguu au ganzi sehemu za siri. Homa ya nyuzi 38 asubuhi hiyo maana yake huanzi. Na kabla ya kubandika namba kifuani, igeuze uandike nyuma yake kwa kalamu isiyofutika: saratani uliyotibiwa, dawa za sasa, dawa ya moyo au ya kuzuia damu kuganda kama unatumia, mkono ambao hospitali imekuagiza usidungwe wala kupimwa presha, na namba ya simu ya mtu anayekusubiri kwenye utepe wa mwisho.